Dungu na Kificho: Historia ya Picha za Ndege Wadogo na Nafasi ya Mwenyeji, kwa Mtazamo wa Rusizi, Rwanda

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya upigaji picha wa ndege wadogo wa porini kwa kutumia kificho, yaani kibanda au hema ambamo mpigapicha hukaa ili ndege amkaribie bila hofu. Mara nyingi historia hiyo husimuliwa kama historia ya vifaa: kamera, lenzi, filamu na taa. Makala yanatoa hoja kwamba ubora wa picha hizo uliongezeka hasa kwa kupunguzwa umbali kati ya ndege na lenzi, na kwamba umbali huo ulipunguzwa na maarifa ya watu waliojua ndege hupita wapi, saa ngapi, na huvumilia nini. Katika Afrika Mashariki na Kati watu hao walikuwa aghalabu wenyeji, na majina yao hayakuandikwa chini ya picha. Kwa kuitazama historia hii kutoka wilaya ya Rusizi, iliyokuwa ikijulikana kama Cyangugu, makala yanaonyesha pia kwamba Kiswahili kina msamiati wa kale wa kukaa na kuwatazama ndege, na yanapendekeza namna ya kuutumia msamiati huo katika kuandika, kufundisha na kupiga picha.

Istilahi za msingi: kificho, dungu, kuamia, ndege wadogo, Nyungwe, Kamiranzovu.

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina neno dungu. Ni kibanda kilichoinuliwa juu ya miti katikati ya shamba, ambamo mtu hukaa tangu alfajiri akiulinda mpunga au mtama dhidi ya ndege. Kazi hiyo ina kitenzi chake, kuamia, na aifanyaye huitwa mwamizi. Mwamizi hujua mambo ambayo mtu mwingine hayajui: kundi hutokea upande gani wa bonde, hutua kwenye mti upi kabla ya kushuka shambani, hunyamaza wakati gani wa mchana, na ni sauti ipi ya binadamu ambayo ndege wamekwisha kuizoea. Akivijua hivyo, hupiga kelele au hurusha jiwe, nao hutawanyika.

Mpigapicha wa ndege wadogo huhitaji maarifa hayo hayo, ila kwa kusudi lililo kinyume. Yeye hukaa katika kibanda chake ili ndege waje, si ili waondoke. Kwa sababu hiyo makala haya yanavitazama vibanda hivi viwili kwa pamoja. Kibanda cha kwanza ni cha zamani mno na waliokitumia hawakuandikwa. Cha pili kina historia iliyoandikwa kwa wingi, lakini iliyoandikwa kwa upande mmoja.

Rusizi ni mahali panapofaa kuliangalia suala hili. Wilaya hii ya kusini-magharibi mwa Rwanda inapakana na Kongo na Burundi. Upande wa magharibi ina Ziwa Kivu na mto Rusizi. Upande wa kusini ina tambarare ya Bugarama yenye mashamba ya mpunga. Upande wa mashariki inaingia katika msitu wa Nyungwe. Katika masoko ya Kamembe, Kinyarwanda na Kiswahili husikika pamoja kutokana na biashara ya miaka mingi na Bukavu. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda. Kwa hiyo kuuliza tunakiitaje kibanda cha mpigapicha, na tunamwitaje aliyemwonyesha mpigapicha pa kukijenga, ni swali la lugha na la historia kwa pamoja.

2.0 Kabla ya Kificho: Bunduki na Ngozi

Ndege wa eneo hili waliingia katika maandishi ya Ulaya wakiwa wafu. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtaalamu aliyetaka kuthibitisha kuwa amemwona ndege alipaswa kumpiga risasi, kumchuna, kumjaza pamba na kumfungia kijikaratasi mguuni. Raia wa Austria Rudolf Grauer alipita katika nchi zinazolizunguka Ziwa Kivu akikusanya wanyama na ndege kwa ajili ya makumbusho za Ulaya. Mwaka 1908 Oscar Neumann alitangaza aina moja ya ndege mdogo wa vinamasi vya milimani na kumpa jina la Bradypterus graueri, kwa heshima ya Grauer. Mwaka 1907 na 1908 msafara wa Kijerumani ulioongozwa na Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulipita Rwanda ukiwa na mtaalamu wa wanyama, Hermann Schubotz, na mtaalamu wa mimea, Johannes Mildbraed, na uliufikia msitu wa Rugege, ambao leo tunauita Nyungwe. Kitabu cha msafara huo, kilichotoka mwaka 1909, kina picha nyingi za watu, milima na misitu. Ndege mdogo aliye hai, akiwa katika shughuli zake, hakuwa jambo ambalo kamera ya safari ingeliweza.

Sababu zake zinaeleweka. Kamera za wakati huo zilitumia mabamba ya kioo yaliyohitaji mwanga mwingi, na chini ya mianzi na miti mirefu mwanga ni mchache. Lenzi za kuvuta mbali zilikuwepo, lakini zilipitisha mwanga kidogo zaidi. Msafara nao ulitembea na wapagazi wengi, na hakuna ndege mdogo awangojeaye wapagazi.

Jirani na Rwanda kulikuwa na jaribio mashuhuri. Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za wanyama usiku katika nyika zilizo karibu na Kilimanjaro, akitumia unga wa magnesi uliolipuka na kutoa mwanga mkali. Kitabu chake cha mwaka 1905 kiliunganisha mwanga huo na bunduki katika jina lake lenyewe, Mit Blitzlicht und Büchse. Mbinu yake ilifaa kwa simba na punda milia waliofika majini au kwenye chambo. Haikufaa kwa ndege wa gramu 10 anayehama tawi kila baada ya sekunde mbili.

Zipo aina ambazo mpaka leo zimebaki katika hali ile ya kwanza. Katika milima ya Itombwe, upande wa Kongo kusini-magharibi mwa Rusizi, alipatikana mwaka 1955 ndege wa usiku mmoja tu ambaye mwaka 1990 alitangazwa kuwa aina mpya na kupewa jina la Caprimulgus prigoginei, kwa heshima ya Alexandre Prigogine. Aina nzima inajulikana kwa ngozi moja. Tunapozungumzia ubora wa picha, inafaa kukumbuka kwamba kipimo cha chini kabisa cha ubora si picha yenye ukungu. Ni kukosekana kwa picha yoyote.

3.0 Kificho Chazuka

Mabadiliko yalianzia Uingereza, mbali na misitu yetu, kwa ndugu wawili kutoka mashamba ya Yorkshire. Richard Kearton aliandika, na Cherry Kearton alipiga picha. Mwaka 1892 walipiga picha ya kiota cha ndege chenye mayai, na mwaka 1895 wakatoa kitabu British Birds' Nests, kilichojaa picha zilizopigwa porini. Ndugu hawa waligundua upesi kwamba kiota hukaa kimya mbele ya kamera, lakini mwenye kiota hakai. Basi wakatafuta njia za kutoweka. Walijenga lundo la nyasi bandia lenye nafasi ndani. Walitengeneza mti bandia. Kisha wakachukua ngozi ya ng'ombe, wakaivika juu ya kiunzi cha mbao, na mpigapicha akaingia tumboni na kamera yake, lenzi ikichungulia kifuani mwa ng'ombe. Kondoo na ng'ombe ni viumbe ambao ndege wa malishoni huwaona kila siku. Ubunifu wa akina Kearton ulikuwa kuchagua umbo ambalo ndege alikuwa amekwisha kulisamehe.

Marekani, wakati huo huo, Frank Chapman alitoa Bird Studies with a Camera mwaka 1900, na mwaka uliofuata Francis Hobart Herrick akatoa The Home Life of Wild Birds. Herrick alitumia hema dogo la kitambaa. Hema halikufanana na kitu chochote cha msituni, lakini alibaini kwamba ndege mwenye makinda hulizoea baada ya muda kwa kuwa halitembei. Kutoka hapo tunapata kanuni mbili ambazo hazijabadilika: ama kificho kifanane na kitu ambacho ndege anakijua, ama kikae mahali pake siku nyingi mpaka kiwe sehemu ya mahali hapo.

Kanuni ya tatu ilihusu watu. Ndege humwona mtu akiingia katika kificho, naye huendelea kuogopa muda mrefu baadaye. Dawa iliyopatikana ilikuwa watu wawili kwenda pamoja. Mmoja huingia, mwingine hugeuka na kuondoka waziwazi, akitembea bila kujificha. Ndege anayetazama kwa mbali huona hatari imekuja na hatari imeondoka, kisha hurudi kwenye shughuli zake. Mbinu hii imo katika maelekezo ya wapigapicha wa ndege kwa vizazi kadhaa. Msindikizaji huyo ndiye anayeifanya picha iwezekane, naye ndiye asiyeonekana ndani yake wala chini yake.

4.0 Umbali, Mwanga na Nyuma ya Ndege

Ili kueleza kwa nini kificho kilibadilisha ubora kuliko kifaa kingine chochote, ni vyema kufanya hesabu fupi. Tuchukue ndege wa sentimita 10, kipimo cha chozi wengi wa Nyungwe, na lenzi ya milimita 500. Akiwa umbali wa mita 10, taswira yake juu ya filamu ina urefu wa milimita 5 hivi, wakati fremu ya filamu ya kawaida ina milimita 24 kwa 36. Ndege huyo ni doa. Akisogea hadi mita 4, taswira inafikia takribani milimita 14, na eneo analolifunika ndani ya fremu linakuwa kubwa kama mara saba. Hapo manyoya ya kifuani yanatengana moja moja. Hakuna lenzi iliyopo sokoni ambayo mpigapicha angeibadilisha kwa urahisi akapata ongezeko la namna hiyo. Mita sita alizozipunguza zilitokana na kujua pa kukaa.

Umbali mfupi una faida nyingine isiyotajwa sana. Hewa yenye joto na unyevu hutikisika, na katika bonde la Bugarama, lililo miongoni mwa sehemu za chini kabisa za Rwanda, mtikisiko huo huanza mapema asubuhi. Picha ya mita 30 hulainika hata lenzi ikiwa bora. Picha ya mita 4 huikwepa shida hiyo.

Baada ya umbali huja mwanga. Katika miaka ya 1930, Harold Edgerton wa Massachusetts alitengeneza taa za umeme zenye mmweko wa muda mfupi mno, na baadaye mbinu hiyo ikatumika kusimamisha mabawa ya ndege arukaye. Crawford Greenewalt aliitumia katika kitabu chake Hummingbirds cha mwaka 1960. Uingereza, Eric Hosking alikuwa miongoni mwa walioileta flashi ya umeme katika kificho. Hosking huyu alipoteza jicho mwaka 1937 aliposhambuliwa na bundi usiku alipokuwa akirejea kwenye kificho chake. Aliendelea na kazi hiyo kwa jicho moja hadi uzeeni. Flashi ilisaidia msituni, lakini ilileta picha yenye nyuma nyeusi kama usiku, kwa sababu mwanga wake hauwafikii miti walio mbali. Picha nyingi za ndege wa msitu za kati ya karne iliyopita zina giza hilo, na msomaji asiyejua anaweza kudhani ndege wote wa Afrika hulala mchana na kuamka usiku.

Kamera za kidijitali zimepunguza sana haja ya flashi, kwa kuwa zinapokea mwanga hafifu bila kuharibu rangi. Kamera ya Minolta 7000 ya mwaka 1985 iliwaletea watu wengi uwezo wa lenzi kujilenga yenyewe, na kamera za miaka ya karibuni hulitambua jicho la ndege na kulifuata. Hata hivyo yapo mambo matatu ambayo kamera haiwezi kumfanyia mpigapicha. La kwanza ni saa. Rusizi ipo karibu digrii mbili na nusu kusini mwa ikweta; jua hupanda wima upesi, na mwanga wa pembeni ulio laini hupatikana kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, kisha tena baada ya saa 10 jioni. La pili ni kimo. Picha iliyopigwa kutoka chini humwonyesha ndege tumbo na anga jeupe. Kificho kilichowekwa sawa na macho ya ndege humpa uso. La tatu ni kilicho nyuma yake. Tawi la kutulia likiwa mita kadhaa mbele ya majani, majani hayo hugeuka rangi tulivu. Likiwa limebanana nayo, ndege hupotea ndani yake. Mambo yote matatu huamuliwa kabla kamera haijatolewa mkobani, na mwenye kuyaamua vizuri ni yule ajuaye mahali.

5.0 Wajuzi Wasiotajwa

Katika Afrika Mashariki na Kati, ajuaye mahali alikuwa na jina, ingawa mara chache liliandikwa. Mwanahistoria Nancy Jacobs, katika kitabu chake cha mwaka 2016 kuhusu mtandao wa watu wa ndege barani Afrika, ameonyesha jinsi elimu ya ndege ya kikoloni ilivyojengwa juu ya wasaidizi Waafrika. Reginald Moreau, aliyefanya kazi Amani, Tanganyika, kuanzia mwaka 1928 hadi 1946, alitegemea kwa kiasi kikubwa macho ya wasaidizi hao, hasa Salimu Asmani. Katika Malawi na Zambia, Jali Makawa alifanya kazi na Constantine Benson kwa miongo mingi. Mwaka 1964 Makawa alimpata, kaskazini-magharibi mwa Zambia, ndege mdogo ambaye mwaka 1965 alitangazwa kwa jina la Pogoniulus makawai. Ndege huyo naye anajulikana kwa ngozi moja tu. Makawa alipata heshima ya jina. Wengi wa wenzake hawakupata hata mstari.

Picha zilirithi desturi ile ile. Chini ya picha ya ndege huandikwa jina la ndege, jina la mpigapicha, pengine aina ya kamera. Haiandikwi ni nani aliyesema, "Bwana, usijenge hapa, jenga pale, kwa kuwa jioni hunywa maji pale." Wala haiandikwi ni nani aliyetembea kuondoka ili mwingine abaki. Mbinu ya watu wawili, tuliyoitaja hapo juu, imekuwa mfano wa uhusiano mzima: mmoja anaondoka ili asionekane, na kwa kuondoka kwake kazi inakamilika.

Inaweza kupingwa kwamba mpigapicha ndiye aliyebofya, na kwamba sanaa ni ya mwenye jicho. Hoja hiyo ina nguvu katika picha za mandhari au za watu. Katika picha za ndege wadogo kutoka kifichoni ina nguvu pungufu, kwa sababu uamuzi mkubwa wa picha, yaani mahali, kimo na saa, umekwisha kufanywa kabla ya kubofya. Iwapo uamuzi huo ulifanywa na mtu mwingine, picha hiyo ina watunzi wawili.

6.0 Rusizi: Msitu, Kinamasi na Ua

Msitu wa Nyungwe ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1933 wakati wa utawala wa Ubelgiji, ukawa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na mwaka 2023 ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Una ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 1,000 na aina takribani 300 za ndege, ambao zaidi ya 20 kati yao hawapatikani nje ya milima ya Bonde la Ufa la Magharibi. Utafiti wa Robert Dowsett na Françoise Dowsett-Lemaire uliotoka mwaka 1990, na kazi ya Jean-Pierre Vande weghe na Gaël Vande weghe, ambayo ilizaa kitabu kikubwa cha ndege wa Rwanda mwaka 2011, viliweka msingi wa maandishi. Msingi wa miguu na masikio umewekwa na waongozaji na walinzi wa msitu.

Msitu huu hauna jibu moja la kificho. Chini kabisa huishi ndege aitwaye kwa Kilatini Chamaetylas poliophrys, ambaye hufuata misafara ya siafu ili kuwadaka wadudu wanaokimbia. Anayejua siafu wanapita wapi leo atampata ndege huyo leo. Asiyejua atakaa juma zima. Na anayejua vizuri zaidi hataweka hema kwenye njia yao, kwa kuwa hema halina mlango wa kuwazuia siafu. Juu kwenye vilele, chozi mwenye kifua cha zambarau, Nectarinia purpureiventris, hufuata maua ya miti mikubwa. Hapo ardhi yenyewe husaidia: miteremko ya Nyungwe ni mikali kiasi kwamba mtu aliyesimama upande wa juu hukiona kilele cha mti wa bondeni kikiwa sawa na macho yake. Njia ya kamba na vyuma juu ya miti, iliyofunguliwa mwaka 2010, humpandisha mgeni kwenye kimo hicho. Lakini haimfichi, nayo hutikisika kila mtu apitapo.

Kamiranzovu ni kinamasi kikubwa cha mboji ndani ya msitu huo. Jina lake kwa Kinyarwanda humaanisha kilichomeza tembo, na msomaji wa Kiswahili ataisikia ndovu ndani ya nzovu. Jina hilo lina uchungu wake, kwani tembo wa mwisho wa Nyungwe aliuawa mwaka 1999. Humo anaishi yule ndege wa Grauer, mwenye rangi ya kahawia na michirizi kifuani, atembeaye chini ya nyasi na matete, na ambaye husikika mara nyingi kuliko aonekanavyo. Kificho kizito huzama katika mboji, na kukanyaga kunafungua njia ambayo mwindaji wa ndege, mwenye miguu minne au miwili, ataitumia kesho yake. Mpigapicha mwenye busara hukaa ukingoni, huvaa subira, na hukubali kurudi na picha ya ndege aliyetoka kwa sekunde tatu. Hapa ubora wa picha una mpaka, na mpaka huo unastahili kuheshimiwa.

Mahali pa tatu ni ua wa nyumba. Katika mila ya Rwanda baadhi ya koo zina ndege wao. Abagesera wana inyamanza, ndege mdogo mweusi na mweupe mwenye kutikisa mkia, anayetembea penye makazi ya watu. Ndege huyo hakimbii, kwa kuwa kwa vizazi vingi nyumba haikumtisha. Dirisha la jikoni basi ni kificho kilichokwisha kuzoeleka, kama ng'ombe wa akina Kearton. Mwanafunzi wa Kamembe au Bugarama asiye na hema wala lenzi ndefu anaweza kuanza hapo: bakuli la maji lililowekwa mita 3 kutoka dirishani, kijiti kimoja cha kutulia, jua la asubuhi likiwa nyuma ya nyumba, na kimya cha nusu saa.

7.0 Gharama Anayoilipa Ndege

Historia hii haingekuwa kamili bila kutaja kosa lake kubwa. Kwa kuwa ndege mwenye makinda hurudi kiotani hata akiwa na hofu, waanzilishi karibu wote walifanya kazi penye viota. Herrick alikwenda mbali zaidi: alikata tawi lenye kiota, akalihamishia penye mwanga na kulisimika karibu na hema lake. Wengine walikata majani yaliyokifunika kiota ili lenzi ione. Majani hayo ndiyo yaliyokuwa yakiwazuia kunguru, nyoka na jua la mchana. Picha ilipatikana, na baada ya mpigapicha kuondoka makinda yalibaki wazi.

Taratibu sheria na maadili vilibadilika. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1981 ilifanya kuwa kosa kuwasumbua ndege wa orodha maalumu wakiwa kiotani, na anayetaka kuwapiga picha hapo sharti apate kibali. Baadhi ya mashindano ya picha siku hizi hukataa picha za viotani. Hata hivyo hatari imebadili sura. Tangu miaka ya 1950, Myles North alipokuwa akirekodi sauti za ndege wa Afrika Mashariki, sauti hizo zimeingia kwenye sahani za santuri, kanda, na hatimaye simu. Mpigapicha wa leo anaweza kumchezea ndege sauti ya mwenzake, naye ndege hutoka kwa hasira akidhani eneo lake limevamiwa. Umbali unapungua bila subira. Lakini ndege huyo ameacha kulisha na kulinda, na akichezewa kila siku na kila mgeni, gharama inajikusanya.

Ni katika jambo hili mwamizi wa dungu na mpigapicha wa kificho hutofautiana kwa haki. Mwamizi humfukuza ndege kwa sababu mpunga ni chakula cha watoto wake, na humwacha huru kwenda kwingine. Mpigapicha hana njaa inayomtetea. Picha yake ni bora kwa kadiri ndege alivyoendelea kufanya alichokuwa akikifanya.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yameonyesha kwamba picha za ndege wadogo ziliboreka pale mpigapicha alipojifunza kukaa karibu bila kuonekana, na kwamba mara nyingi alifundishwa na kusaidiwa na mtu ambaye historia haikumtaja. Kutokana na hayo yanatolewa mapendekezo manne.

Kwanza, neno kificho lisanifishwe kwa maana ya kibanda, hema au kizuizi cha kutazamia na kupigia picha wanyamapori, na maneno dungu, kuamia na mwamizi yafundishwe pamoja nalo, ili mwanafunzi aone kwamba elimu hii haikuanza na kamera. Pili, maelezo ya picha katika vitabu, maonyesho na tasnifu yaandike jina la mwongozaji aliyechagua mahali, kwa ridhaa yake, pamoja na jina la mpigapicha. Tatu, maelezo hayo yataje mbinu iliyotumika: kificho, maji, maua, chambo au sauti, ili msomaji aweze kupima picha ilipatikana kwa gharama gani. Nne, shule na vyuo vya Rusizi vianze na maji na maua karibu na nyumba, na viote viachwe.

Kazi ya kukusanya masimulizi ya waongozaji na walinzi wazee wa Nyungwe, na ya waamizi wa Bugarama, inaweza kuanza mara moja kwa Kinyarwanda na Kiswahili. Wao ndio waliokaa wakatazama kwa muda mrefu kuliko sisi sote, na wengi wao wangali hai kutusimulia.